Mlango U Wazi, Njia I Ngumu: Mtoto wa Kimbuti na Chuo Kikuu cha Kisangani

Barabara itokayo Kisangani kwenda mashariki yapita Bafwasende, kisha Nia-Nia, Epulu na Mambasa, katikati ya msitu mkubwa ambao Mwenyezi Mungu ameijalia nchi yetu. Ndani ya msitu huo wanakaa Wambuti. Wazee wa vijiji vya kando ya barabara husimulia kwamba babu zao walipofika huko waliwakuta Wambuti wamekwisha kuwako, na kwamba ni wao waliowaonyesha mito, mapito ya wanyama na miti ya dawa. Lakini mtu akisimama asubuhi mbele ya Chuo Kikuu cha Kisangani, wakati umati wa vijana unapoingia madarasani, atatafuta sana kabla ya kumwona Mmbuti mmoja.

Je, ni kwa sababu Wambuti hawana akili? La, hasha. Mtu awezaye kufuata nyayo za mnyama juu ya majani makavu, kuyatambua maua ambayo nyuki wanayapenda, na kurudi kambini bila ramani katika msitu usio na jua, huyo hakunyimwa akili na Muumba wake. Basi sababu iko mahali pengine, na yafaa sisi Wakristu tuitafute kwa moyo mnyofu, kwa maana huenda tukaikuta nyumbani kwetu.

SHERIA YA MWAKA 2022

Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963 kwa juhudi ya ndugu zetu Waprotestanti, kikaitwa Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na Lovanium ya Kinshasa pamoja na chuo kikuu cha Lubumbashi, vikawa chuo kimoja cha taifa. Mwaka 1981 kikapata tena kujitegemea, na hivyo ndivyo kilivyo hata leo. Kimewalea waganga, walimu, wanasheria na wataalamu wa misitu wengi.

Tarehe 15 Julai 2022 Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi sheria nambari 22/030, ambayo yahusu kulinda na kuendeleza haki za wenyeji wa asili wa msituni, yaani Wambuti, Watwa na jamaa zao wote. Sheria hiyo yasema juu ya masomo, matibabu, ardhi ya mababu, na kusikilizwa mbele ya mahakama. Haikutoka hewani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 51, yaiagiza serikali kuwalinda na kuwaendeleza watu wanyonge na makabila yote yaliyo machache. Jirani zetu wa Kongo-Brazzaville walitutangulia, walipotunga sheria ya namna hiyo mwaka 2011.

Kwa kifupi, sheria yakubali kwamba mtu aliyesukumwa nyuma kwa muda mrefu hawezi kufika mbele kwa kuambiwa tu, «Njoo.» Yapasa apewe msaada wa pekee. Katika nchi nyingine msaada huu huonekana katika nafasi zilizotengwa, au alama zilizoongezwa, au ada iliyosamehewa. Sisi tutauita upendeleo wa haki.

TUIFUATE NJIA YAKE

Ili kuufahamu upendeleo huo, tumfuate kijana mmoja katika mawazo yetu, tangu kambini hata chuoni. Hatutampa jina, kwa sababu yeye ni mfano tu wa wengi.

Siku ya kuzaliwa kwake hakuna aliyekwenda kumwandikisha. Ofisi iko mbali, na baba yake hakuwahi kuandikwa popote. Hivyo mtoto huyu yuko duniani, ameonwa na Mungu na mama yake, lakini kwa serikali hayuko. Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Serikali ipangapo madawati na vitabu, hupanga kwa watoto iliowahesabu.

Akiwa na umri wa kwenda shule, akutana na jambo la pili. Tangu mwaka 2019 serikali imeanza kuondoa ada katika shule za msingi za umma, nasi twashukuru kwa hilo. Lakini shule iko kijijini, na kambi iko msituni. Unapofika msimu wa asali, au siku za kuwinda kwa nyavu, jamaa nzima huingia ndani ya msitu, baba, mama na watoto. Kwa kuwa katika kuwinda kwa nyavu hata wanawake na watoto wana kazi yao. Mtoto akibaki kijijini, nani atampa chakula? Akienda pamoja na wazazi, mwalimu atamwandika mtoro. Kalenda ya shule haikutungwa kwa kuuangalia msitu.

Jambo la tatu ni uchungu kuliko yote. Ni kucheka kwa wenzake. Anaitwa mbilikimo, anaambiwa ananuka moshi, benchi lake laachwa tupu. Katika vijiji vingine mwenye shamba husema bila haya, «Huyu ni Mmbuti wangu,» kama vile mtu asemavyo juu ya mbuzi wake. Zamani palikuwako mapatano kati ya wanakijiji na Wambuti, nyama na asali zikibadilishwa kwa ndizi na chuma, nayo yaliwafaa wote. Lakini mahali pengi mapatano hayo yamegeuka kuwa deni lisiloisha, na mtoto arithi deni la baba yake pamoja na dharau yake.

Tuseme kijana wetu ameyashinda hayo yote. Amemaliza shule ya msingi. Amemaliza sekondari, ambako ada inalipwa. Amefanya Mtihani wa Serikali, uleule wafanyao vijana wote wa nchi hii tangu mwaka 1967, akashinda. Sasa anafika Kisangani na Diploma ya Serikali mkononi.

Hapa yafaa tuseme jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Katika vitivo vingi vya vyuo vyetu, kijana mwenye Diploma ya Serikali aweza kuandikishwa. Mlango wa chuo u wazi. Kwa hiyo wale wadhanio kwamba upendeleo wa haki maana yake ni kumnyang'anya kijana mmoja kiti na kumpa mwingine, waondoe hofu. Kwetu sisi shida si kiti hasa. Shida ni njia ya kukifikia, na chakula cha kumwezesha mtu kukaa juu yake.

Kwa maana mara tu baada ya kuandikishwa, ada ya masomo yadaiwa, ile waiitayo minervali. Kisha silabusi za walimu, ambazo mwanafunzi hana budi kuzinunua au kuzinakili usiku kucha. Kisha chumba. Mtoto wa mwanakijiji aweza kuwa na mjomba Mangobo, au shangazi Kabondo, au angalau mtu wa kabila lake huko Makiso atakayempa mkeka sebuleni. Mmbuti hana mjomba mjini. Yeye ndiye wa kwanza wa ukoo wake kulala chini ya bati la Kisangani. Akiugua, hakuna wa kumpikia uji. Akifiwa na baba, huenda habari ikamfikia baada ya mwezi.

KUJIFICHA AU KUJITANGAZA

Lakini kuna mtego mwingine, na huu ndio uliotufanya tuandike makala haya.

Kijana afikapo mjini, aweza kuona kwamba watu hawamjui. Si kila Mmbuti ni mfupi sana. Wengi wamechanganya damu na majirani zao, na jina aliloandikwa nalo shuleni mara nyingi ni la kabila la kijijini. Akinyamaza, atapita kama kijana yeyote wa Bafwasende au wa Mambasa. Hakuna atakayemcheka bwenini. Msichana anayempenda hataonywa na wazazi wake. Kunyamaza kwake kwamletea amani.

Sasa sheria yaja na kumwambia, «Kwa kuwa wewe ni Mmbuti, una haki ya kusaidiwa.» Lakini ili asaidiwe hana budi kusimama ofisini mbele ya watu na kusema, «Mimi ni Mmbuti.» Neno lilelile lililomtoa machozi shuleni, leo ndilo litakalomlipia ada. Akilisema, atapata fedha, naye huenda akapoteza rafiki. Akilificha, atabaki na rafiki, naye huenda akafukuzwa kwa kukosa minervali. Je, huu si mzigo mzito kwa kijana wa miaka 20?

Wako watakaosema, «Ajivunie kabila lake, basi.» Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye kabila lake halijawahi kufanywa tusi. Msaada wa serikali waweza kutoka Kinshasa kwa barua, lakini heshima haitoki Kinshasa. Heshima yatoka katika benchi la jirani, katika bweni, katika foleni ya maji, katika kanisa la parokia. Sheria isiyosindikizwa na heshima yamfanya kijana auze siri yake ili anunue masomo yake.

JE, NI HAKI?

Hata hivyo yatupasa kuwasikiliza wale wanaonung'unika, maana si wote wenye roho mbaya. Baba mmoja maskini, mkulima wa mpunga na mihogo, aweza kuuliza: «Mimi nami sina kitu. Mwanangu alisoma kwa mwanga wa koroboi. Mbona yeye adaiwe ada yote, na mwingine asamehewe kwa sababu ya kabila?»

Swali hili ni la haki, na halifai kujibiwa kwa hasira. Twajibu hivi. Kwanza, umaskini wa baba huyu ni wa kweli, na serikali ina deni kwake pia. Kumsaidia mmoja hakuondoi wajibu wa kumsaidia mwingine. Pili, umaskini na dharau ni magonjwa mawili mbalimbali. Mkulima huyu ana shamba ambalo watu wanalijua kuwa lake, ana chifu wa kumsemea, na jina lake limeandikwa. Mmbuti ana umaskini uleule, na juu yake hana shamba, hana chifu, hana jina. Mwaka 2002 na 2003, vita vilipoenea katika msitu wa Ituri, Wambuti wa Mambasa walitendewa mabaya mengi, na ni wachache waliowasemea. Mama mwenye watoto wawili wenye njaa, mmoja mzima na mmoja mgonjwa, huwapa wote chakula. Lakini mgonjwa humpa pia dawa, wala mzima hasemi kwamba ameonewa kwa kunyimwa dawa.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto barua yake ya kwanza, katika sura ya 12, afundisha kwamba viungo vya mwili vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyopewa heshima zaidi, ili mwili usigawanyike. Papa Yohane wa XXIII naye, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliwakumbusha wenye mamlaka wajibu wao kwa makabila yaliyo machache. Haya si mafundisho mapya.

Tena sisi Wakongo tusisahau mapema. Siku za ukoloni, babu zetu wote waliitwa wenyeji, na neno hilo halikuwa la heshima. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada za chuo kikuu walikuwa wachache mno. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha kadi ya sifa njema kwa Mkongo aliyehesabiwa kuwa mstaarabu. Na mtu aliyetaka kupanda zaidi alichunguzwa mpaka nyumbani kwake, jinsi anavyokula na jinsi anavyolala. Babu zetu waliona uchungu wa kupimwa namna hiyo. Sasa je, sisi tumekuwa wapimaji? Je, twamwambia Mmbuti maneno yaleyale tuliyoambiwa sisi: kwamba bado hajastaarabika, kwamba angoje?

WENGINE WAMEFANYAJE

Tukitupa macho nje, twaona nchi nyingi zimekwisha kujaribu. Uganda, tangu mwaka 1990, wasichana wanaoomba kuingia vyuo vikuu vya serikali huongezewa alama moja na nusu, na idadi yao chuoni Makerere ikapanda. Katika nchi hiyohiyo Watwa waliondolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991, ilipofanywa hifadhi za taifa. Miaka 19 baadaye, mwaka 2010, binti mmoja wa Kitwa alipata shahada katika Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, ambacho ni chuo cha Kanisa Katoliki. Alisaidiwa kulipiwa ada. Hakusaidiwa kufanya mtihani, aliufanya mwenyewe.

Brazili, kwa sheria ya mwaka 2012, ilitenga nusu ya nafasi katika vyuo vikuu vya serikali kuu kwa vijana waliosoma shule za umma, na katika hizo sehemu ni ya weusi na ya wenyeji wa asili. India yatenga nafasi 7.5 kwa kila 100 kwa makabila ya asili. Lakini huko wametokea watu wenye vyeti vya uongo, waliojifanya wa makabila hayo ili wale haki isiyo yao. Marekani nako, tarehe 29 Juni 2023, Mahakama Kuu ilikataza vyuo kuiangalia rangi ya mwombaji wakati wa kuchagua wanafunzi. Hivyo twaona kwamba jambo hili lina mabishano duniani kote, na kila nchi yapaswa kuutafuta ufumbuzi wake kwa busara.

Kwetu hatari iliyo karibu ni ile ya India. Mara fedha zitakapotoka, wataonekana watoto wa wakubwa wanaodai kwamba nyanya yao alikuwa Mmbuti. Basi anayemthibitisha mwanafunzi asiwe karani mmoja ofisini. Wawe wazee wa kambi yake, pamoja na mwalimu wake na katekista aliyemfundisha dini.

KAZI ILIYO YETU

Kanisa halikuanza jana katika kazi hii. Padre Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu alifika katika maporomoko ya Kisangani mwaka 1897, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Padre Bernardo Longo, Mwitalia wa Shirika hilohilo, alianzisha misioni ya Nduye katika nchi ya Mambasa, akajenga shule, akawa rafiki wa Wambuti. Aliuawa Mambasa tarehe 3 Novemba 1964, wakati wa maasi ya Wasimba. Hakungoja sheria ndipo awapende.

Huko Kamerun watawa walianzisha shule za matayarisho kwa watoto wa msituni, ziitwazo ORA, ambazo herufi zake katika Kifaransa zamaanisha kuangalia, kufikiri na kutenda. Mtoto huanza kwa lugha yake na kwa mambo ya msitu anayoyajua, na shule hufuata majira ya kambi. Baadaye ndipo aingiapo shule ya wote. Mfano huu wafaa kufuatwa, kwa sababu upendeleo wa haki uanze chini kabisa. Kumsamehe ada mwanafunzi wa chuo kikuu ni vema. Lakini kama watoto 100 wakiachwa nyuma kwenye darasa la pili, ni nani atakayebaki wa kusamehewa?

Basi, wasomaji wapenzi, tuyataje mambo manne ambayo hayangoji fedha za serikali.

Wazazi wa vijijini: mwandikisheni mtoto wa Mmbuti siku ile mnayomwandikisha wa kwenu. Kama mwaenda ofisini na shahidi wenu, nanyi kuweni mashahidi wake.

Walimu: msiruhusu jina la kabila liwe tusi darasani. Mwalimu akinyamaza, darasa zima lajua kwamba tusi limeruhusiwa.

Parokia za Kisangani: jumuiya moja ikimpokea mwanafunzi mmoja kutoka msituni, ikampa mahali pa kulala na sahani ya wali siku ya Dominika, imempa mjomba asiye naye. Hili halihitaji kamati wala hotuba.

Nanyi wanafunzi wa chuo kikuu: mnamo bweni moja, labda yupo anayejificha. Msimchungulie ili kumfichua. Semeni tu juu ya Wambuti kama msemavyo juu ya ndugu, hata mnapodhani kwamba hakuna Mmbuti anayesikia. Yeye atasikia. Siku ile atakapolisema jina la kabila lake bila kuinamisha kichwa, mtajua kwamba sheria ya mwaka 2022 imefika Kisangani.

Na kwa kijana mwenyewe, kama amelipata gazeti hili mkononi, twasema: Ndugu yetu, ukiipokea ada hiyo, usiipokee kama ombaomba. Msitu ambao wataalamu wanausoma katika chuo chako, baba yako anaujua kuliko vitabu vingi. Huji mikono mitupu. Umekuja na elimu yako, kutafuta nyingine. Soma kwa bidii, na ukiisha kupata shahada, usiisahau njia irudiyo kambini, kwa sababu nyuma yako wako wadogo wako wanaotazama kama kweli yapitika.